Kifaa kinachovuta mkono bila kamba: je, kitamfaa mzee asiyeona?

*"Shikamoo mtaalamu. Nilipokuwa Japani kwa mafunzo ya ufundi nilishikishwa kifaa kidogo, hakizidi kidole gumba. Nilikibana kwa kidole gumba na kidole cha shahada, kikaanza kutetemeka, na papo hapo nikahisi mkono unavutwa kushoto. Walipobonyeza kitufe, nikavutwa kulia. Hakikuwa na kamba wala hakikufungwa popote. Fundi mwenzangu anashikilia kuwa ndani mna sumaku inayovutwa na kitu kilichofichwa mezani. Mwingine anasema Wajapani wamepata njia ya kusukuma kitu bila kuegemea chochote. Nauliza kwa sababu baba yetu, mwenye miaka 67, anayeishi Tanga, amepoteza uwezo wa kuona kwa sababu ya kisukari, na kuna mtu mtandaoni anatangaza kifaa cha namna hiyo cha kuwaongoza wasioona, kwa bei isiyo ndogo. Baba nikimwekea simu inayotetemeka mkononi, wakati mwingine anasema hasikii kitu. Je, kifaa kinavuta kweli? Kinaweza kumdhuru? Simu yake haiwezi kufanya kazi hiyo? Nimnunulie?"*

Marahaba. Nitajibu maswali yako yote manne, lakini nakuomba ukumbuke tangu sasa sentensi moja uliyoipitia haraka, kwamba mzee wakati mwingine hasikii simu ikitetemeka mkononi mwake. Katika barua yako yote hiyo ndiyo iliyonishtua, na uamuzi wa kununua au kutonunua unaitegemea hiyo kuliko sifa zozote za kifaa.

Kifaa ulichoshika hakikuvuti. Hukuwa unajidanganya, kwa sababu taarifa ya kuvutwa ilifika kweli kwenye ubongo wako. Lakini ukijumlisha misukumo yote ambayo kifaa kiliupa mkono wako kwa sekunde moja, ya kushoto na ya kulia, jumla yake ni sifuri. Haiwezi kuwa vinginevyo. Kitu kisichofungwa ukutani, kisichoegemea sakafu wala kupuliza hewa nje, hakina mahali pa kupata kani ya kudumu ya kukuvuta upande mmoja, na sheria ya tatu ya Newton, kwamba kila msukumo huja na mwenzake ulio sawa nao wa kurudi nyuma, bado ipo kazini Japani kama ilivyo Tanga. Ukikining'iniza kifaa hicho kwa uzi na kukiwasha, utakiona kikitikisika mahali pake, lakini uzi hautainama kuelekea upande ambao vidole vyako viliapa kuwa vinavutwa. Kwa hiyo yule mwenzako wa pili hajapata injini ya kupelekea chombo angani, na yule wa kwanza amepatia nusu: sumaku imo, pamoja na koili ya waya, ila inasukumana na kile kipande kizito kidogo kilichomo ndani ya kasha, haihusiani na meza.

Wazo lenyewe lina takriban miaka 20. Mwaka 2005 Tomohiro Amemiya na wenzake, katika maabara za kampuni ya simu ya Japani iitwayo NTT, walieleza kifaa cha mkononi kilichotumia gurudumu na mkono wa chuma kusukuma uzani mbele na nyuma kwa mwendo usiolingana. Kilikuwa kizito na kikubwa ukilinganisha na ulichokishika. Mwaka 2013 Jun Rekimoto alionyesha kifaa alichokiita Traxion, chenye uzito wa gramu kama tano tu, na mwaka 2014 Amemiya na Hiroaki Gomi wakaonyesha chao chenye ukubwa wa kidole gumba. Nadhani ulichobana ni mmoja wa wajukuu wa ukoo huo.

Siri imo katika maneno "mwendo usiolingana", na hapa nitakaa kidogo kwa kuwa wewe ni fundi na utaifurahia. Chukua kifaa kinachotetemeka mara 40 kwa sekunde, ambapo kila mzunguko mmoja huchukua milisekunde 25. Tuseme uzani wa ndani unarushwa kulia kwa ukali katika robo ya kwanza ya mzunguko, kama milisekunde sita, kisha unarejeshwa kwa upole katika robo tatu zilizobaki. Wakati uzani unarushwa kulia, kasha linasukumwa kushoto kwa nguvu. Wakati unarejeshwa, kasha linasukumwa kulia kwa theluthi moja tu ya nguvu ile, lakini kwa muda ulio mrefu mara tatu. Nguvu mara tatu kwa robo ya muda, dhidi ya nguvu mara moja kwa robo tatu za muda: mizani imekaa sawa, hakuna kilichobaki upande wowote. Mhasibu angefunga kitabu hapo.

Mkono, hata hivyo, hauna uhasibu wa namna hiyo. Kaa kwenye kiti cha ofisini chenye magurudumu, inua miguu, kisha jirushe nyuma kwa ghafla na kurudi mbele polepole, ukirudia hivyo. Utashangaa kiti kinasogea bila wewe kugusa sakafu. Kinachotokea ni kwamba msuguano wa sakafu unaumeza msukumo ule mpole na kushindwa na ule wa ghafla. Kwenye kifaa chako mmezaji ni mwili wako wenyewe: mishipa ya fahamu ya vidoleni inauripoti mpigo mfupi na mkali wa kushoto, na inaupuuza kwa sehemu kubwa ule mrefu na dhaifu wa kulia. Tofauti ni kwamba kiti husogea kweli, kwa kuwa sakafu ilikisukuma, ilhali mkono wako ulibaki pale pale na kilichosogea ni hisia.

Ngozi nayo ina mchango mkubwa kuliko watu wengi wanavyodhani. Mwaka 2016 Heather Culbertson, Allison Okamura na wenzao wa Chuo Kikuu cha Stanford waliupima na kuuelezea mfumo mzima, wakaonyesha kwamba jambo la kuangaliwa ni namna ngozi ya ncha ya kidole inavyovutwa zaidi upande mmoja kuliko mwingine kila mzunguko unapopita. Unapobana kitu cha kweli chenye kamba inayokivuta kushoto, ngozi ya vidole vyako hunyooka kushoto. Ubongo umeishi na kanuni hiyo tangu ulipokuwa mtoto, kwa hiyo ukipata ngozi inayonyooshwa kushoto tena na tena unatoa hukumu ile ile iliyozoeleka, kwamba kuna kinachovuta. Haujapewa njia ya kujua kwamba kamba haipo. Kukibana kwa upole kwa ncha za vidole, kama walivyokuelekeza, ni sehemu ya ufundi wenyewe, kwa sababu hapo ndipo ngozi ina vipokezi vingi na ina uhuru wa kunyooka.

Vipokezi hivyo havifanani. Vile vya Meissner, vilivyo karibu na uso wa ngozi, hupokea vizuri mitetemo ya makumi ya mara kwa sekunde, na vile vya Merkel na Ruffini hushughulikia mgandamizo na kunyooka kwa ngozi. Chini zaidi kuna vya Pacini, vyenye usikivu wa ajabu kwa mitetemo ya haraka, hasa ile inayokaribia mara 250 kwa sekunde, lakini si hodari wa kutofautisha kushoto na kulia. Vinakuambia tu kwamba kuna kitu kinatetemeka. Ndiyo maana kifaa kikiendeshwa kwa kasi kubwa mno, mvuto hupotea na kubaki mvumo.

Kama unashangaa kwamba ubongo unaweza kudanganyika kwa urahisi hivyo, jua kuwa jambo hili liko mikononi mwa mamilioni ya watu. Bamba la kugusa la kompyuta nyingi za MacBook zilizotoka tangu mwaka 2015 halibonyei kama kitufe hata kidogo; ukilikandamiza, kitetemeshi kilicho chini yake hulisukuma kando kwa kufumba na kufumbua, na kidole kinaapa kwamba kimebonyea chini. Kabla ya hapo, mwaka 2001, Gabriel Robles-De-La-Torre na Vincent Hayward walikuwa wamekwisha kuonyesha katika jarida la Nature kwamba kani za pembeni tu zinaweza kumfanya mtu ahisi kilima mahali ambapo kidole chake kinapita kwenye bonde.

Hapo lipo pia jibu la swali lako kuhusu simu. Simu ya mzee haiwezi kufanya kazi hii kwa namna inayotegemeka. Kitetemeshi cha simu nyingi za kisasa kimetengenezwa kitetemeke kwa kasi yake moja, mara nyingi kati ya mara 150 na 250 kwa sekunde, na kwenda mbele na nyuma kwa usawa ili kitoe mtetemo mkubwa kwa betri ndogo. Cha simu za zamani ni mota yenye kipande cha chuma kilichoelemea upande mmoja, kinachozunguka tu. Vyote viwili vinaangukia kwenye eneo la vipokezi vya Pacini, na hakuna upande unaopendelewa. Programu haiwezi kuongeza kile ambacho chuma hakina. Ila simu hiyo hiyo ina matumizi mengine kwa mzee, nitayataja.

Kuhusu madhara, sioni sababu ya kuogopa. Ugonjwa wa mikono unaotokana na mitetemo, ambao huanza kwa vidole kufa ganzi na kugeuka vyeupe, unajulikana kwa watu wanaoshika mashine za kutoboa miamba, misumeno ya kukatia magogo na vinginevyo kwa saa nyingi kila siku, miaka nenda miaka rudi. Umoja wa Ulaya umewawekea waajiri kikomo kwa ajili ya kazi kama hizo. Kifaa cha gramu chache kinachowashwa kwa sekunde kadhaa kila njia inapokata kona hakimo katika kundi hilo. Kinachotokea kwa uhakika ni kuzoea: ukikiacha kitetemeke mfululizo, hisia ya kuvutwa hufifia, na ukikizima vidole hubaki na mwasho kidogo kwa muda. Kifaa kilichobuniwa vizuri huvuta, kikanyamaza. Kama mzee amewekewa kifaa cha kurekebisha mapigo ya moyo, sumaku yoyote isikae karibu na kifua chake kabla ya kumuuliza daktari wake.

Sasa turudi kwa mzee. Kisukari kilichoharibu mishipa midogo ya damu nyuma ya macho yake ndicho hicho hicho huharibu mishipa ya fahamu. Kwa kawaida huanzia mbali zaidi na moyo, yaani vidole vya miguu, hupanda taratibu, na mara nyingi hufika mikononi baada ya ganzi kuwa imekwishapanda miguuni. Uwezo wa kuhisi mtetemo ni miongoni mwa vitu vya mwanzo kuondoka. Hii ndiyo sababu baadhi ya watu waliopofushwa na kisukari hupata shida kujifunza kusoma maandishi ya nukta nundu kwa vidole, ingawa akili yao ni timamu kabisa. Umri nao hupunguza usikivu wa mitetemo hata kwa mtu mzima wa afya. Kwa hiyo kifaa kilichokushangaza wewe, mwenye vidole vizima, kinaweza kuwa kipande bubu cha plastiki mkononi mwa baba yako. Na kama vidole vyake vya mkono vimefikia kutosikia simu, basi ningekuwa na wasiwasi zaidi na miguu yake, ambayo hawezi kuiona na pengine haisikii msumari wala kokoto iliyo ndani ya kiatu.

Usisubiri kifaa chochote kabla ya kumpeleka kliniki ya kisukari. Waeleze waziwazi kuhusu ganzi ya mikono, na omba miguu ikaguliwe. Wana uzi mgumu wa plastiki unaokandamiza ngozi kwa nguvu ya gramu 10, na chuma chenye umbo la uma kinachotetemeka mara 128 kwa sekunde. Vipimo hivyo haviumi wala havichukui muda. Wasimulie pia dawa anazotumia, kwa sababu metformin, dawa ya kisukari, ikitumiwa kwa miaka mingi inaweza kupunguza vitamini B12 mwilini, na upungufu huo nao huleta ganzi inayotibika ikiwahiwa. Kama ganzi iko zaidi kwenye kidole gumba, cha shahada na cha kati, na inamwamsha usiku, inaweza kuwa ni mshipa uliobanwa kifundoni mwa mkono, jambo linalowapata watu wenye kisukari mara nyingi na lenye tiba yake. Kidonda chochote cha mguu, hata kisichouma, hasa kisichouma, kinataka daktari siku hiyo hiyo. Na ganzi au udhaifu unaokuja ghafla upande mmoja wa mwili, au mdomo kupinda, ni safari ya hospitali saa hiyo hiyo, usiku wa manane usiwe kisingizio.

Nikirudi kwenye kumwongoza njiani, lazima nikitendee haki kifaa. Amemiya aliwahi kukijaribu na watu wenye ulemavu wa kuona mjini Kyoto, na utafiti huo uliochapishwa mwaka 2010 ulionyesha kwamba waliweza kufuata njia iliyopangwa kwa mwendo wao wa kawaida bila mafunzo ya awali, hata palipokuwa hakuna sauti ya kuwasaidia. Faida yake ni hiyo: masikio yanabaki huru kusikiliza pikipiki na watu, na mwelekeo haufasiriwi kichwani, unahisiwa tu. Lakini ile ilikuwa njia iliyopangwa, na ndani ya kifaa hakuna kinachoijua njia. Kinavuta kule kinakoambiwa na simu au kompyuta, na simu nje, chini ya anga wazi, hukosea mahali ulipo kwa mita kama tano. Kati ya majengo hukosea zaidi. Mita tano ndiyo tofauti kati ya kukanyaga njia na kutumbukia kwenye mtaro. Kadhalika mkono ukigeuka, upande wa mvuto unageuka nao, isipokuwa kifaa kiwe na kihisi cha kutambua kimeelekea wapi.

Fimbo nyeupe haina kasoro hiyo, kwa kuwa inaigusa dunia yenyewe. Shimo, kizingiti, mchanga, lami, mguu wa meza ya muuza matunda: vyote vinafika mkononi kama kani za kweli, kubwa kiasi cha kuhisiwa kiganjani na hata kwenye bega, si kwenye ncha za vidole peke yake. Mtu mwenye ganzi ya vidole bado anaweza kuitumia vizuri akifundishwa. Neno "akifundishwa" nalitilia mkazo, maana familia nyingi humpa mzee fimbo kama anavyopewa mkongojo, wakamwacha. Watu wa Chama cha Wasioona Tanzania wanaweza kukuelekeza kwa mwalimu wa kutembea na kujielekeza, na hospitali ya CCBRT ya Dar es Salaam ina huduma za macho na za utengamao. Simu yake nayo iwekewe sauti ya kusoma kioo na maelekezo ya njia, akitumia kisikizi cha sikio moja tu.

Vipo vifaa vingine vya kutetemesha. Mjini Osnabrück, Ujerumani, kundi la feelSpace lilitengeneza mkanda wenye vitetemeshi vinavyozunguka kiuno. Kinachotetemeka ndicho kinachoonyesha upande. Kiunoni ngozi kwa kawaida huchelewa kuathirika kuliko vidole, hivyo kwa mgonjwa wa kisukari wazo hilo lina mantiki zaidi, ingawa halijaondoa tatizo la mita tano. Japani kuna Ashirase, kampuni iliyochipuka ndani ya Honda, inayoweka vitetemeshi kwenye viatu. Ni kazi nzuri kwa wengine. Kwa mguu wenye ganzi nisingependekeza chochote cha ziada kinachogusana na ngozi ndani ya kiatu.

Kwa hiyo kwa sasa usinunue. Fanya kwanza jaribio ambalo fundi kama wewe hawezi kushindwa nalo. Tafuta kitetemeshi cha koili kinachoweza kupokea mawimbi ya sauti, si cha simu, ukilishe mitetemo miwili kwa pamoja, ya mara 40 na ya mara 80 kwa sekunde, na ubadilishe mpangilio wa wimbi la pili dhidi ya la kwanza mpaka wewe mwenyewe uhisi mvuto wa wazi. Kisha mketishe baba mezani, mpe akibane, na ukielekeze mvuto kushoto au kulia mara 20 kwa kurusha shilingi, naye kila mara ataje upande anaohisi, bila wewe kumwambia kama amepatia. Anayekisia tu atapata karibu na 10. Akipata 15 au zaidi, vidole vyake vinahisi. Jaribu mkono wa pili pia, na urudie siku nyingine asubuhi, mikono ikiwa na joto. Akibaki kwenye 10 au 11, kifaa cha muuzaji hakitamsaidia hata kingekuwa bora kuliko vyote. Akifaulu, mtake muuzaji akuruhusu kufanya jaribio hilo hilo kwa bidhaa yake kabla ya kulipa, akueleze kifaa kinapata wapi mwelekeo na kinafanya nini mkono ukigeuka. Akikataa, fedha hiyo itoshe kumlipia mzee mafunzo ya fimbo na nauli ya kliniki.